Datsun Iliyolala Nyumba Saba

Nilikaza boliti ya mwisho ya kabureta ya nyuma, nikapangusa mikono kwa kitambaa, nikamwinulia Télesphore kidole. Alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia, mahali ambapo kiti cha dereva kilipaswa kuwa. Akazungusha ufunguo.

Motere, injini yenyewe, ilizunguka mara tatu, ikakohoa, kisha ikatema moto kupitia mdomo wa kabureta. Mlipuko wake uligonga ukuta wa ua wetu, ukavuka mabati, ukaenda barabarani. Mtoto aliyekuwa akilia nyumba ya pili alinyamaza.

Baada ya muda nikasikia sauti ya Mwanvua, jirani yetu muuza unga, kutoka upande wa pili wa ukuta. "Massoudi! Mi niko chini! Niinuke ao niendelee kulala?"

"Inuka, mama. Ni gari."

"Gari gani inalia sawa bunduki? Unga yangu yote imemwangika!"

Mke wangu Adija, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alisema kwa sauti ndogo, "Nusu yake ilikuwa muchanga toka zamani."

Sikucheka. Ilikuwa mara ya pili siku hiyo nalaza chini mtaa mzima wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Mwezi wa saba wa mwaka ule, 2003, makombora yalikuwa yameanguka mjini siku nyingi mfululizo, na tangu hapo kila mtu alijifunza kulala kwanza na kuuliza baadaye. Huwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Mwenye gari, Mzee Pontien, alikuwa ameketi juu ya gurudumu karibu na pipa la maji. Alitazama saa yake, kisha akamtazama Télesphore, kisha akatazama chini.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari la mbio la Kijapani, lenye pua ndefu na milango miwili, silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Pontien alilinunua mwaka 1976 kwa Mgiriki aliyekuwa anahama. Wakati ule alikuwa karani wa wizara, anakaa mtaa wa Ngagara, na watu walisema amekula mshahara wa miaka kumi. Yeye alilipaka nta kila Jumapili baada ya misa na kuwaacha waseme.

Mwaka 1995 alinijia asubuhi moja nalo. Ngagara ilikuwa imewaka moto wa maneno na wa kweli, na magari mazuri yalikuwa yanachukuliwa na yeyote mwenye silaha. Akaniuliza nitalificha wapi. Nilifikiri siku nzima. Jioni nikamwambia, "Muzee, gari nzima haifichiki. Tuivunje. Hakuna mutu anaiba kipande."

Nikalifungua kwa siku nne. Motere na giaboksi zilibaki kwangu, zimefunikwa kwa magunia nyuma ya choo, na bodi ikakaa uani juu ya matofali, imejazwa kuni hadi madirishani, ionekane kama takataka. Vingine tuligawa katika nyumba sita za watu tuliowaamini. Viti viwili vilirudi Ngagara, vikawa viti vya wageni sebuleni kwa Pontien. Magurudumu yalikwenda kwa mwalimu mmoja wa Kurani. Boneti ilikwenda Kajaga, kando ya ziwa, kwa binamu yake Adija, ambaye miaka minane aliitumia kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kabureta mbili, kitu chepesi kuliko vyote na kigumu kuliko vyote kupata kingine mahali pake, alizichukua Télesphore.

Télesphore ni seremala wa Gasenyi. Hakuwa rafiki wa Pontien. Alikuwa amemtengenezea kabati tu. Lakini alipokubali kitu, alikikubali. Alizitia kabureta katika chungu kilichojaa mawese zisipate kutu, akafunga mdomo wa chungu kwa jani la mgomba na kamba. Vita vilimkimbiza nyumbani kwake mara tatu. Mara zote tatu alitoka na Biblia, godoro, na chungu kichwani. Watu njiani walimwonea wivu wakidhani ana mafuta ya kupikia.

Mwezi mmoja kabla ya mlipuko ule Pontien alikuja kwangu akasema, "Fundi, mi nimechoka. Kuwa na gari katika nyumba saba ni sawa kuwa na bibi saba. Hauna hata moja." Mfanyabiashara wa Kajaga aitwaye Birindwa alitaka ile motere ya silinda sita aifunge kwenye boti lake la mizigo. Pontien alikuwa amempa neno: ikiwa gari halitanguruma ndani ya mwezi mmoja, Jumapili ya mwisho saa mbili asubuhi Birindwa aje na lori, abebe motere, na bodi iende kwa wachoma vyuma. Nikaanza kukusanya vipande siku ileile.

Siku ya mlipuko ilikuwa Jumamosi ya mwisho, saa kumi alasiri.

Lango likafunguliwa, akaingia Mzee Ilyasi, mkuu wa avenyu yetu. Alitembea taratibu, kofia mkononi.

"Massoudi," alisema, "mi nakuheshimu. Ndiyo maana nasema polepole. Basirikali, wale askari wa kule barabara kubwa, mara ya kwanza wameuliza nani anapiga. Nimesema ni fundi. Mara ya pili wameuliza tena. Mara ya tatu hawatauliza."

"Nipe mara moja tu, chef."

Alimtazama Pontien, akaitazama Datsun isiyo na pua. "Moja. Na iwe mbele ya adhana ya magharibi, isipite. Ikilia tena vile, unafunga, na mi sitaki kusikia habari ya hii gari mupaka vita iishe."

"Na vita inaisha lini?" Adija aliuliza.

"We uliza wakubwa," Ilyasi akajibu, akaketi kwenye kibao kusubiri.

Télesphore alishuka kwenye kreti. Alisimama mbele yetu kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Ni mi," alisema. "Mawese njo imeharibu. Nilifikiri mafuta ni mafuta. Muzee Pontien, unisamehe. Ningeziweka kavu tu."

Pontien alizitazama zile kabureta. Nilijua alichotaka kusema, maana hata mimi nilikuwa nimekifikiri tangu asubuhi. Mawese yakikaa sana huganda, na ndani ya kabureta kuna vijia vyembamba kuliko sindano. Chembe moja ya mafuta yaliyoganda inaweza kuziba njia ya petroli. Lilikuwa wazo jepesi, na lilikuwa limeshapata mtu wa kulaumiwa.

"Ngoja kwanza, ndugu," nilimwambia. "Hatujajua."

Nina desturi moja. Nikishindwa, sianzi na kile ninachokishuku. Naanza na kile ninachokiamini, kwa sababu hapo ndipo sijatazama. Kabureta nilikuwa nimezifungua mara mbili, nikazichemsha kwa maji ya sabuni, nikapuliza kila kijia kwa mdomo hadi kichwa kikazunguka. Sasa nikaziacha. Nikaenda kwenye delko, kile kigawa cheche chenye kifuniko cheusi na nyaya sita, kila waya ukipeleka cheche kwenye silinda yake. Delko nilikuwa naiamini kabisa.

Niliiamini kwa sababu ya Adija. Mwaka 1995, nilipokuwa navunja gari, niliogopa kalamu itafutika kwa oili. Adija akakata vipande vya kanga, akashona namba juu yake kwa uzi mwekundu, moja hadi sita, akavifunga kwenye nyaya upande wa delko; upande wa pili niliziacha zimechomekwa kwenye silinda zake. Miaka minane baadaye uzi ulikuwa bado mwekundu. Nami mwezi ule nilikuwa nimepata kitabu halisi cha gari hili, cha Kifaransa, bila jalada, na nilikifuata mstari kwa mstari: leta silinda ya kwanza juu kwenye mgandamizo, elekeza kidole cha delko, kile kinachozunguka ndani yake, kwenye waya wa kwanza.

"Télesphore, chukua spana ile kubwa. Zungusha motere polepole kwa mukono, kule mbele."

Nilitoa buji, plagi ya cheche, ya silinda ya mbele kabisa, ile iliyo karibu na feni, nikaziba tundu lake kwa dole gumba la kushoto. Télesphore akazungusha. Hewa ikaanza kusukuma dole langu, ikasukuma zaidi, hadi ikatoka kwa mlio mdogo.

"Simama."

Kidole cha delko kilielekea kwenye waya wenye namba moja. Sawasawa na kitabu. Nilikuwa nimefanya hivi mara tatu wiki ile na kila mara nilikomea hapo, nimeridhika. Safari hii nikafanya jambo la kijinga, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nilishika waya wa namba moja kwa mkono wa kulia nikaufuata kwa vidole hadi mwisho wake.

Mkono wangu ukaenda, ukaenda, ukapita silinda zote, ukafika nyuma kabisa, karibu na giaboksi. Nikabaki nimeinama juu ya motere nimetanua mikono kama mtu anayepima kitanda: dole la kushoto mbele kwenye feni, mkono wa kulia nyuma.

"Baba Houda, umekwama?" Adija aliuliza.

"Mama Houda, zile namba. Ulipozishona nilikuambia uanzie wapi?"

Alifikiri, ungo mapajani. "Ulisema moja ni ile ya kwa giaboksi. Ulisema, sawa ya Peugeot."

Niliinuka taratibu, kwa sababu mgongo ulikuwa unauma, na kwa sababu nilihitaji muda kidogo.

Sikusomea ufundi. Nilianza kwa kuosha teksi za Peugeot, nikaendelea kwa kuzifungua, na karibu wote tuliojifunza Bujumbura tulijifunza hivyo. Na Wafaransa huhesabu silinda kuanzia nyuma, upande wa giaboksi. Mikono yangu ilizoea hivyo kama inavyozoea kula kwa mkono wa kulia. Lakini Wajapani huanza mbele. Nilivunja gari kwa hesabu ya Peugeot, nikaliunga kwa kitabu cha Datsun. Silinda ya mbele ilipotaka cheche, mimi niliipelekea ya nyuma.

Kujua hakukuwa uthibitisho. Lakini nilimwona Télesphore bado amesimama na spana mkononi, ameinamisha kichwa, nikaona nimwondolee lawama kabla ya kuwasha motere.

"Sikilizeni," nilisema, kwa sauti ambayo hata Mwanvua angeisikia. "Kabureta ni nzima. Mawese haikuharibu kitu. Kosa ni langu. Nilihesabu motere kinyume, tangu siku ya kwanza, kabla vita haijanifikia hapa."

Pontien alinitazama. "Una hakika, fundi?"

"Ya kosa langu, ndiyo. Ya motere, tutasikia."

"Saa hii yote tunamwangalia vibaya huyu mutu na chungu yake," Ilyasi alisema kutoka kwenye kibao, "kumbe muharibifu anakaa hapahapa anakula muchele."

"Mchele wenyewe haujaiva," Adija akasema. "Na we chef, leo hautaula."

Kazi ilichukua dakika kumi. Waya wa kwanza na wa sita zikabadilishana nafasi, wa pili na wa tano, wa tatu na wa nne. Nikarudisha buji. Nikafuata kila waya kwa kidole hadi mwisho wake, mara moja, kisha mara ya pili. Jua lilikuwa limeshuka hadi ukingo wa mabati.

Nilimwomba Pontien azungushe ufunguo mwenyewe. Alikataa.

"Aliyebeba njo aanzishe," alisema.

Télesphore akarudi kwenye kreti yake. Nikasikia upande wa pili Mwanvua akiwaambia wateja wake, "Laleni, laleni, wanajaribu tena!" Nikainua kidole.

Motere ilizunguka mara moja. Ya pili haikumalizika. Ilishika, silinda zote sita kwa pamoja, bila kutema, bila kukohoa, ikapanda kwa sauti nzito yenye kufuatana, kama kitambaa kirefu kinachopasuliwa taratibu. Moshi wa kwanza ulinukia mawese. Kisha ukanukia petroli tu. Niliweka kiganja juu ya kifuniko cha motere, nacho kilitetemeka kidogo tu, sawasawa.

Pontien alisimama. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akabaki hivyo muda mrefu, mzee wa miaka sitini na saba katika ua wenye matope. Hakulia. Aliisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza jina lake likisomwa.

Watu walikuwa wamejaa langoni. Mwanvua alikuwa mbele, nguo nyeupe kwa unga.

"Hii njo sauti!" alipiga kelele. "Sasa mbona mwanzo ilikuwa inatukana?"

"Ilikuwa inaongea Kifaransa," Adija akamjibu.

Télesphore hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, kama mtu aliye barabarani mbali kabisa na Buyenzi. Pontien aliinama dirishani akamwambia kitu kwa Kirundi ambacho sikukisikia, kisha akanigeukia. "Fundi, kesho Birindwa akikuja na lori yake, umupe chai. Aisikilize. Halafu aende kutafuta motere ya boti kwingine."

Nilizima motere mwenyewe adhana ya magharibi ilipoanza. Ilyasi alikuwa ameshafika langoni. Aligeuka akasema, "Nitawaambia basirikali ile ya mwisho ni gari. Watajuta kwamba wamekosa kuisikia vizuri."

Kazi ilikuwa bado. Breki hazikuwa na mafuta hata tone. Viti vilikuwa Ngagara, na mke wa Pontien alikuwa amesema hatavitoa hadi aletewe vingine. Boneti ilikuwa imeegemea ukuta, paka wawili wakiilamba. Niliandika yote katika daftari kwa utaratibu wa kesho: breki kwanza, kisha boneti, viti mwisho.

Niliporudi kutoka kuswali, Adija alikuwa amekaa kando ya Datsun na sindano, akifumua nyuzi nyekundu. Alisema hataki namba za Peugeot kwenye gari la Kijapani. Alikuwa ameshona upya moja, mbili na tatu, safari hii kuanzia mbele. Kisha mwanga ukapungua, akachoma sindano kwenye kipande cha nne, akakiacha kining'inie kwenye waya wake hadi asubuhi.