Pointi za Wawili

Kitu cha kwanza nilichoona ni msumari. Ulikuwa peke yake ukutani, juu ya friji, na chini yake palikuwa na mraba mdogo wa rangi safi ambao moshi wa jikoni haukuufikia. Hapo ndipo ilipokuwa picha yetu ya koito, siku familia yangu na ya Kiprono zilipokubaliana tuoane. Tuko wawili, tumesimama nje ya nyumba ya baba kule Nandi, na vichwa vyetu vinang'aa kwa siagi tuliyopakwa na wazee.

Nilikuwa nimetoka kanisani. Ijumaa ndiyo siku ambayo madamu ninayemfanyia kazi za nyumbani kule The Pearl, hapa Doha, huniruhusu kutoka, na nikitoka kanisani huenda mtaa wa Najma, kwa Tony na Gakii. Wao ni mume na mke. Tony ni mlinzi wa hoteli. Gakii ni nesi katika kliniki moja ya Al Sadd, anakofanya kazi Kiprono pia, na Kiprono amekodi chumba kimoja ndani ya nyumba yao.

Sikuuliza picha imeenda wapi. Mimi si mtu wa kuuliza. Nilinawa mikono nikaanza kukata kabeji.

Siku hizo mazungumzo ya nyumba ile yalikuwa pointi. Kanada humpima mtu kwa pointi: umri wake, masomo yake, kazi aliyoifanya, Kiingereza chake. Zikishajumlishwa unaingia kwenye foleni, na kila baada ya muda wao huchora mstari. Aliye juu ya mstari anaitwa kwenda kuishi huko moja kwa moja. Aliye chini anangoja. Hapa Doha kazi yako ikiisha, na kibali chako kimeisha, hata kama umekaa mpaka ukaota mvi. Kwa hivyo watu waliungoja mstari ule kama kwetu wanavyongoja bonasi ya majani chai.

"Mzigo, amka! Chakula," Gakii alimwita mumewe, aliyekuwa amelala kwenye kochi baada ya zamu.

"Jeni, umesikia ninavyoitwa?" Tony alisema bila kufungua macho.

"Si ni kweli? Kabla sijamwandika huyu kwenye fomu ya Kanada, pointi zangu zilikuwa juu ya mstari. Nikamwandika, zikaanguka puu!"

"Si ungeniacha tu kule Maua?"

"Na mtungi wa gesi angenipandishia nani?"

"Unaona, Jeni? Mimi nimeolewa kwa ajili ya gesi." Tony akaketi, akajinyoosha. "Na wewe mama, kila ukifikisha siku ya kuzaliwa wanakukata pointi. Ukifika hamsini watakuwa wanakudai."

Gakii akamrushia kitambaa cha vyombo. Wamekuwa wakicheka hivyo tangu niwajue.

Kiprono akatoka chumbani na laptop yake. "Jebet, umefika salama?" Ni yeye tu anayeniita Jebet hapa. Kwa kawaida huketi karibu nami. Siku hiyo alizunguka meza akaketi upande wa pili.

Matokeo yake ya mtihani wa Kiingereza yalikuwa yametoka. Gakii akaivuta laptop, maana yeye ndiye anayejua kupiga hesabu zile, na kila mtu humletea zake.

"Umri, sawa. Digrii, sawa. Kazi, sawa. Kiingereza... wacha! Kiprono, umeongea na hao watu kama umezaliwa nao. Uko juu ya mstari!"

Tony akapiga meza kwa furaha. Mimi nilitabasamu nikiwa nimeinamisha uso kwenye sahani.

"Hiyo ni ya mtu mmoja," Gakii akaendelea. "Ngoja nifanye ya wawili. Jeni, ulifika darasa la ngapi?"

"La sita."

"Ati?"

"Amesema la sita," Tony akanijibia. "Hata mimi darasa la sita ndipo nilipoanza kuelewa mwalimu anasema nini."

Gakii aliandika, akangoja namba itokee. Nilimwona Kiprono akiitazama namba. Hakushangaa. Nilielewa kwamba alikwisha kuiona kabla, peke yake chumbani. Ilikuwa chini ya mstari.

"Hiyo ya wawili haina haja," alisema. "Nitaandika sijaoa. Niliongea na ajenti wa mambo ya Kanada. Anasema koito si cheti. Hatujaenda kanisani, wala kwa DC kuandikisha ndoa. Akaniambia nitoe picha zote, za kwenye simu na za nyumbani, wasije wakaona."

"Wasije wakaona kwenye friji yangu?" Tony aliuliza. "Kanada itatuma mtu mpaka Najma kukagua friji?"

Gakii hakucheka. "Ng'ombe walipelekwa?"

"Walipelekwa."

"Siagi mlipakwa?"

"Tulipakwa."

"Basi huyo ni mke wako, na ajenti wako ni mjinga. Nisikize. Ukimficha leo, ukishafika huko huwezi kumwita. Watakuambia mtu huyu hukutuambia yuko. Na wakijua ulidanganya, wanakufungia mlango wewe mwenyewe. Lakini kuna njia. Andika una mke, halafu useme hasafiri nawe. Watakuhesabu kama uko peke yako. Pointi zako zinabaki palepale. Ukishatulia, unamwita."

Nilidhani atafurahi. Nilimtazama nikingoja afurahi. Badala yake alipitisha kidole kwenye ukingo wa laptop, kwenda na kurudi.

"Lakini Jebet mwenyewe," alisema polepole, bila ubaya, "siku ile hakusema kitu. Wazee walimuuliza kama amenikubali, wakarudia. Shangazi yake ndiye aliyejibu. Huwa najiuliza."

Ni kweli. Kwetu msichana huitwa mbele ya watu, akaulizwa. Mimi niliitwa, nikasimama, nikatazama miguu ya wazee. Mzee mmoja alikuwa amevaa soksi za rangi mbili. Nakumbuka zile soksi kuliko uso wa mtu yeyote. Neno lilikuwepo kinywani, lakini lilikataa kutoka. Shangazi akasema, "Amenyamaza, amekubali," wakapiga vigelegele, wakaleta siagi. Kunyamaza kwa msichana ni jibu, kila mtu anajua hivyo. Sikujua kwamba Kiprono aliondoka pale na swali, akalibeba mpaka Doha.

Nilimtazama Gakii anijibie. Hakunijibia. Tony alikuwa anachambua mfupa wa kuku uliokwisha nyama. Katika nyumba ile hapakuwa na shangazi.

"Nilikubali," nikasema.

Wote wakainua nyuso.

"Siku ile nilikubali. Niliona haya tu." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, nikashika ukingo wa meza. "Andika una mke. Na picha irudishe."

"Kumbe huyu mtoto ana sauti!" Tony akasema, na Gakii akamkanyaga mguu chini ya meza.

Kiprono alisogeza sahani yake kando. Kisha akaivuta laptop kwake, akaanza kuandika, akaniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa ingawa anaijua. Alipomaliza aliingia chumbani. Alirudi na picha ikiwa imefungwa ndani ya shati lake la kanisani, ili kioo kisipasuke. Aliitundika. Ilikaa upande, na hakuna aliyeinyoosha.

Jua lilipopungua alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Tulipita maduka ya vitambaa na ya simu. Wanaume walikuwa wameketi kwenye ngazi wakizungumza na nyumbani kwao, kila mmoja kwa lugha yake.

"Sikutaka kukutupa, Jebet," alisema. "Niliogopa ule mstari tu."

"Najua."

"Nikiitwa nitatangulia. Itakuwa mwaka, labda zaidi. Huko nitapanga mambo, kisha nikuite." Akanisogeza kidogo kutoka barabarani, gari likapita. "Utaningoja?"

Nilitazama chini. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, na kamba ya kimoja ilikuwa imelegea.

"Asante," akasema, kama mtu aliyejibiwa. Basi likaja, nikapanda.

Nilipata kiti dirishani. Nilikuwa nawafikiria Tony na Gakii. Gakii alimwandika mumewe akijua ataanguka chini ya mstari, akaanguka, na mpaka leo wako Najma wanarushiana vitambaa. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa na mwenzake abaki nyuma angoje.

Kiprono, siku ya koito kunyamaza kwangu kulikuwa ndiyo. Pale kituoni haikuwa ndiyo. Nitajifunza Kiingereza, nitafanya huo mtihani hata kama nitatetemeka, na kidogo nitakachopata tutaongeza juu. Lakini sitaki kuwa mke aliyeandikwa akaachwa. Sitaki kungoja. Acha namba ishuke, twende pamoja siku ikipanda, au tukae hapa pamoja. Nihesabu na mimi.