Pikapu Isiyokaa Baa

Kila Alhamisi jioni, kasuku wakigombana juu ya maghala ya ngano, Glenys Tuckwell aliegesha pikapu yake mbele ya baa ya Yallobin, akafunga milango, kisha akapita kichochoro cha mapipa ya taka hadi ukumbi wa kanisa. Humo watu wachache walikaa kwenye viti vya plastiki, wakinywa chai na kupeana moyo wasinywe kitu kingine. Magari yao yote yalikuwa baa. Katika mji mdogo kama Yallobin, gari la mtu ni uso wake. Likishinda baa, hakuna anayeuliza. Likionekana mlangoni mwa ukumbi ule siku ya Alhamisi, kukicha hata mbwa wana habari.

Ndiyo maana Glenys alichelewa kuupata mkutano. Namba ya simu ya mkutano aliiona chooni, kwenye zahanati ya mji mwingine, akapiga huku analia. Mwanamume aliyepokea akamuuliza anaishi wapi, kisha akacheka.

"Glenys? Mimi Desmond, jirani yako. Vuka barabara, mama."

Glenys alikuwa dereva wa basi la shule. Miaka mingi aliliendesha akinuka mvinyo wa boksi, na wazazi wakimpungia mkono. Trevor Pascoe, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa akimnunulia raundi za pombe. Sasa Glenys alikuwa haonji hata tone, na alichokihofia ni watu kujua kwamba ameacha. Anayeacha amekiri, na aliyekiri hapewi watoto. Kwa hofu hiyo akawa hali vizuri, halali vizuri.

Alhamisi moja, Desmond akichemsha maji, pikapu ya Glenys ilikuja yenyewe. Ilipita kichochoroni, ikaangusha pipa, ikasimama mlangoni mwa ukumbi na taa zake zikiwaka. Ndani ya gari hamkuwa na mtu.

"Hukuvuta breki ya mkono?" aliuliza Desmond.

"Nimevuta. Na funguo hizi hapa."

"Basi imekufuata. Yangu nayo ilikuwa na tabia hiyo. Nikaiuza."

Glenys aliirudisha baa mbio. Wiki iliyofuata ilikuja kabla maji hayajachemka. Wiki ya tatu aliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza ya baa. Ilikuja na nguzo.

Asubuhi yake Trevor alimngojea kando ya basi, kofia mkononi.

"Nguzo si neno, Glenys, tutasimika nyingine. Ila gari lako limeonekana pale."

"Nimeacha pombe, Trevor. Tangu kabla ya mavuno sijagusa."

"Ndilo tatizo lenyewe. Wazazi wanasema, kumbe watoto wetu walikuwa wanaendeshwa na mlevi."

"Kumbe nini? Mlikuwa mnajua! Wewe ndiye uliyekuwa unaninunulia!"

"Nilikununulia kama rafiki," alisema Trevor. Aliumia kweli.

Funguo za basi akapewa Barry Loxton, mtu wa watu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuficha glasi.

Barry alianza kazi Jumatatu. Alhamisi aliwachukua watoto mazoezini, wachafu kwa vumbi la uwanja, akasimama baa mara moja tu. Mara moja hiyo ilikuwa ndefu. Desmond alikuwa akigawa biskuti ukumbini pale basi la shule lilipopenya kichochoroni, vioo vikikwaruza ukuta, likasimama nyuma ya pikapu. Watoto walikuwa wamekaa vitini, mikanda imefungwa.

"Bi Glenys," mmoja alisema dirishani, "hizo biskuti ni za wakubwa tu?"

"Barry yuko wapi?"

"Baa. Alisema dakika moja."

Wakamgawia. Punde Trevor akaja na Barry, ambaye macho yamemwiva na kicheko hakimwishi.

"Hili basi nalo lina kiherehere!" alisema Barry.

"Trevor, mtazame," alisema Glenys. "Hawezi hata kusimama. Nipe mimi niwafikishe."

"Kamati imeshaamua, dada. Usinitie aibu mbele ya watoto."

Barry alilikosa tundu la ufunguo mara mbili, akalipata. Basi likaondoka. Glenys akaikimbilia pikapu.

"Kaa, Glenys," Desmond alimshika mkono. "Kurudi utapita baa. Ulivyo leo, utaingia."

"Najua nilivyo. Na wale je?"

Alilifuata basi shamba kwa shamba, hadi mtoto wa mwisho aliposhuka.

Yallobin imeshazoea. Kamati imehamisha mapipa na kupanua kichochoro, basi lisichubuke likija, na Barry huja kulichukua akishamaliza glasi yake. Glenys haingii tena mkutanoni. Hungoja ndani ya pikapu, injini ikinguruma, Desmond akimpitishia chai dirishani. Basi likitoka, naye yuko nyuma. Likiyumba kuelekea mtaroni, humwomba Mungu kwa sauti, akimtaja kila mtoto kwa jina.

Kisha hurudi peke yake. Barabara ni moja, na inapita mbele ya baa, milango wazi, watu wanamwita kwa furaha. Hapo pikapu haimsaidii. Glenys hupunguza mwendo kila mara, na kila mara hajui kama atasimama.