Bwawa Lililokosa wa Kuliunga Mkono

Mtaalamu wa mipango aliitwa Nzuki, na alikuja mkutanoni amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kitengela, mwezi wa nne, matope meusi yakiwa yamefika kwa vifundo! Nyakio, aliyeketi mstari wa mbele akiwa amenyoosha goti lake baya, alivitazama viatu hivyo, akamjua mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Nzuki alibandika ramani ya rangi kwenye ukuta wa kanisa kwa selotepu. Ikaanguka. Akaibandika tena.

"Wakaaji wapendwa, huu uwanja wa nyuma ya soko umekaa bure. Tulifanya utafiti. Tulikuja Jumanne saa nne asubuhi, hatukukuta mtu hata mmoja."

Jumanne saa nne! Nyakio alifunika mdomo kwa leso. Saa hiyo watoto wako shule, akina mama wako kwa vibanda, na jua linachoma hata mbuzi. Watu wa uwanja ule huja saa kumi jioni. Watoto hupiga mpira wa makaratasi, na wanawake zaidi ya ishirini, yeye akiwa mmoja wao, huuzunguka kwa miguu. Daktari alimwambia atembee saa nzima kila siku kwa sababu ya sukari. Lakini sukari hiyohiyo ndiyo inamkimbiza haja ndogo, na uwanjani hakuna choo. Wenye hoteli wamefunga vyao kwa kufuli. Kwa hivyo Nyakio hutembea nusu saa, halafu anarudi nyumbani mbio. Kipimo cha juzi kilikuwa kimepanda, na daktari hakucheka.

"Kwa hivyo," Nzuki akasema, akigonga ramani, "tunawaletea bwawa la kuogelea. Hapa viti vya kuota jua."

"Kuota jua?" mtu akauliza nyuma. "Ni nani amelikosa?"

Saado, muuza maziwa ya ngamia, akainuka. "Mwanangu, maji ya hilo bwawa yatatoka wapi?"

"Yataletwa na lori, mama."

"Lori lipite kwangu, mitungi yangu mikavu, liende likajaze shimo?"

Watu wakacheka. Nzuki akatabasamu kama mtu anayeongea na viziwi. "Hayo ni mambo ya kiufundi. Sasa nahitaji tu mmoja wa kupendekeza na mmoja wa kuunga mkono, niandike kwa ripoti."

Muturi, dalali wa ploti, alishainua mkono. Nzuki akaandika. Kisha akangoja.

Nyakio alikuwa karani wa chama cha akina mama kwa miaka kumi na tisa. Kwao hata sufuria hainunuliwi bila midomo miwili. Akageuka polepole, akawatazama wenzake uso kwa uso, safu kwa safu. Hakuna aliyejikuna hata sikio.

"Basi nitajiunga mkono mwenyewe," Muturi akasema.

"Wee Muturi!" Saado akamrukia. "Unataka kujioa?"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Muturi akakaa. Nyakio akasimama kwa kushika kiti.

"Andika. Mimi Nyakio napendekeza choo cha wanawake pale uwanjani."

"Cucu," Nzuki akasema, akipunguza sauti kama anayembembeleza bibi yake, "huu ni mradi wa burudani. Choo si burudani."

"Ni kwa sababu wewe hujawahi kukikosa. Andika."

"Naunga mkono!" Saado akasema, na nyuma yake wengine kumi wakaunga mkono, ingawa mmoja alitosha.

Nzuki akatazama mlango. Hakuna aliyempisha. Akaandika upesi, akafunga kitabu.

"Fungua, usome," Nyakio akamwambia. Alikuwa na subira ya kutosha kukaa pale mpaka Jumapili.

Nzuki akasoma kwa shida, kama anayemeza dawa chungu: "Choo cha wanawake kijengwe uwanjani."

"Ongeza mlango."

"Mlango utakuwepo tu, cucu."

"Mtu aliyeona uwanja wetu hauna watu anaweza kuona choo hakihitaji mlango. Ongeza. Na komeo, la ndani."

Mtaalamu akainama, akaandika komeo.