Mtu wa Katikati Alipoondoka

Mdogo wangu Clothilde ana mtoto mmoja tu, Kordell. Ana pia kaka mmoja tu, Renard, ambaye kwa bahati mbaya ni kaka yangu vilevile. Mtoto alikuwa na nafasi ya kuingia ligi kuu. Kaka alikuwa na mdomo. Mwaka ule mdomo ndio uliopewa usukani.

Nianze na kazi ya Kordell, maana hata hapa Bayou Laurier, ambako watoto wanaujua mpira wetu wa helmeti kabla ya kujua kufunga viatu, wengi hawaielewi. Kordell ni mtu wa katikati kwenye safu ya ulinzi. Anainama, mkono mmoja chini kwenye nyasi, na mbele yake yanainama majitu mawili. Mchezo ukianza, majitu yanamvamia kwa pamoja. Yeye hatakiwi kumkimbiza mtu. Anatakiwa asisogee. Akiyashikilia hayo mawili, mwenzake wa nyuma anabaki huru, anamwangusha mwenye mpira, anapigiwa makofi na kutajwa redioni. Kordell anainuka na majani mdomoni. Hatajwi na mtu, labda avunjike.

Mwenzake wa nyuma chuoni alikuwa Dashiell Prejean, kijana mwembamba, mtoto wa mwalimu, mwenye macho ya mtu anayechungulia karata za wenzake. Dashiell alijua mpira unakokwenda kabla mwenye mpira hajajua. Lakini ili aone, lazima mtu asimame mbele yake na kumziba, na mtu huyo alikuwa Kordell. Wikendi walikuja wote kwangu kula gumbo, mchuzi wetu mzito, na Dashiell ndiye aliyekumbuka kuosha sahani. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa mpira.

Mwaka wa mwisho wakaja wasaka vipaji wa klabu kubwa. Walimpima Kordell urefu wa mikono, upana wa viganja, unene wa mapaja, wakamsimamisha na chupi mbele ya kundi la wazee wenye saa za kuhesabia. Walibakiza kumfungua mdomo wamhesabu meno. Babu yangu alinunua nyumbu kwa heshima zaidi ya hiyo. Walipomaliza wakasema kijana ana nguvu, lakini hana takwimu: hamwangushi mrushaji, yule anayewarushia wenzake mpira, na jina lake halionekani popote. Wakaenda zao.

Hapo ndipo Renard alipojitokeza. Alikuwa akiuza matairi mpaka wenye matairi wakamchoka, kisha akachapisha kadi zilizoandikwa Mshauri wa Wanamichezo. Mwanamichezo wake alikuwa mmoja, Kordell, naye hakuwa amemwajiri.

"Sikiliza, mjomba," alimwambia Kordell jikoni kwangu. "Wale watu wanakula namba. Zako ziko wapi?"

"Kazi yangu haina namba, Mjomba."

"Ndiyo maana huna kazi."

Nikamuuliza Renard yeye amemfundisha nani mpira, maana ninavyokumbuka alikalia benchi la shule mpaka benchi likamwonea huruma.

"Dada, wewe koroga sufuria yako."

Nikakoroga. Mwiko ulikuwa mkononi na nilijua pa kuutumia, lakini Clothilde alikuwa amekaa pale akimsikiliza kaka yetu kana kwamba anahubiri, nikajizuia.

"Januari kuna mchezo wa maonyesho wa wanaomaliza chuo," Renard akaendelea. "Klabu zote zitakuwa jukwaani. Siku hiyo usimshike mtu. Wapite, mfuate mrushaji, umlaze chali. Mara moja tu, halafu uone simu zitakavyolia."

"Na Dash je? Nikiondoka pale anabaki wazi."

"Dash ana mama yake."

Kordell akacheka. Kile kicheko sikukipenda, na sikunung'unika pembeni, nilimwambia usoni. Akajibu, "Mamkubwa, ni mchezo wa maonyesho tu."

Basi tukaenda. Kordell na Dashiell waliwekwa timu moja, palepale walipozoea, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mara ya kwanza Kordell alipoacha nafasi yake aliyapita majitu pembeni, akamfikia mrushaji na kumbwaga. Uwanja ukavuma. Renard alipanda juu ya kiti na kuwaambia watu wasiomjua kwamba yeye ndiye mjomba. Kordell akacheza ngoma fulani ya kukata kiuno, mwili mzima ule, na runinga kubwa ya uwanjani ikairudia.

Timu ile nyingine haikuwa ya wajinga. Ilishaona kwamba yule wa katikati ana tamaa. Wakamwachia tena njia ya pembeni, naye akaingia mbio kama kuku aliyemwagiwa mtama, na mpira wakaupitisha palepale alipotoka. Jitu moja lililobaki bila wa kulishika lilikwenda moja kwa moja kwenye goti la Dashiell, ambaye macho yake yalikuwa kwa mkimbiaji. Halikufanya kosa. Ndiyo kazi yake.

Walimtoa Dashiell kwenye kigari, taulo usoni. Kordell alisimama mikono kiunoni, kisha akainua macho akatazama runinga kubwa. Walikuwa wanairudia tena ile ngoma yake. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niikalie kofia ya kanisani ya mama yangu mkwe, na aibu hiyo angalau ilikuwa yangu mwenyewe.

Magazeti yakamsifu. Renard akayakata na kuyabandika kwenye friji ya Clothilde. Mimi kila nikimwona Kordell nilimuuliza swali lilelile.

"Umempigia Dash?"

"Nitampigia, Mamkubwa."

Februari ikaisha. Machi nikamuuliza tena, akasema, "Nitampigia nikishachaguliwa. Sasa hivi nitamwambia nini?"

"Mwambie pole. Neno fupi, halitakupasua mdomo."

Hakupiga. Alikuwa anaona haya, najua, lakini haya isiyokufanya unyanyue simu ni uvivu uliovaa suti.

Aprili ikafika, na uteuzi. Siku tatu klabu zinachagua vijana wa vyuo mmoja baada ya mwingine, nchi nzima inatazama. Mtoto yeyote wa hapa atakwambia kwamba Alhamisi ni ya warushaji na wakimbiaji, wenye sura za matangazo. Mtu wa katikati, akiwa na bahati, anaitwa Jumamosi. Renard aliualika mji mzima kwangu Alhamisi.

Walikuja. Walivaa fulana zenye uso wa Kordell, uso uliovutwa upana kana kwamba wa kwake haukutosha. Uani kulichemshwa pipa zima la kamba wa matopeni pamoja na mahindi na viazi, wakamwagwa juu ya meza zilizotandikwa magazeti, na watu wakala mpaka viwiko vikawa vyekundu. Kila mtu alikuwa amemlea. Mwanamke aliyewahi kuita polisi kwa sababu Kordell alivunja dirisha lake alikuwa sasa anasimulia jinsi alivyomlisha. Mchungaji Fontenot aliomba kwa muda mrefu hata vijana kadhaa wakachaguliwa kabla ya amina, na kote kwenye sala alimwita Cordero. Mungu sijui alimtafuta nani.

Jina la Kordell halikutajwa. Watu wakaondoka wakisema kesho. Ijumaa wakarudi wachache, hasa kwa ajili ya kiporo, wakaketi mbali na runinga. Jumamosi hakuja hata mmoja. Tulikuwa Clothilde, Renard, Kordell na mimi, na uani magamba ya kamba yananuka. Kordell alikuwa ameketi kwenye sofa na simu juu ya goti. Duru ya mwisho ya uteuzi ilikuwa imeshaanza. Clothilde alikuwa kila jina likitajwa anaichungulia simu ile. Moyo wangu uliniuma kwa ajili yao wote wawili, nilisema nisiseme.

Alasiri simu ikalia. Renard aliirukia, akaweka sauti kubwa kabla mwenyewe hajasema halo.

"Kordell Ozenne?" Sauti ya mzee, ya kaskazini. Akajitaja kuwa Haskell, akataja klabu yake. Clothilde akanishika mkono.

"Ndimi, bwana," Kordell akajibu.

"Nina swali moja, kijana. Prejean. Goti lake linaendeleaje?"

Kordell akatutazama.

"Daktari wangu anasema limepona," mzee akaendelea. "Wakala wake anasema limepona. Yeye mwenyewe atasema limepona hata akiwa amelazwa kwenye machela. Nataka kusikia kwa mtu wake wa karibu. Wewe umesimama mbele yake miaka yote. Anakimbia? Anageuka?"

Renard alikuwa anatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Akanong'ona, "Sema bovu. Bovu." Alidhani mmoja akitupwa mwingine ataokotwa.

"Sijui, bwana," Kordell akasema.

"Hujui."

"Sijaongea naye tangu siku ile."

"Tangu Januari?"

"Ndiyo."

Mzee hakukaripia, na afadhali angekaripia. "Haya. Asante kwa kutonidanganya," akasema, akakata.

"Umeitupa bahati jalalani kwa mikono yako," Renard akasema. Kordell alikuwa anatafuta jina kwenye simu, na alipolipata alipiga palepale mbele yetu, sauti ikiwa bado kubwa.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Dashiell.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Kordell."

"Aa. Nilidhani umekufa. Nikataka kuulizia mazishi, nikaona nauli ghali."

"Dash, goti vipi?"

"Goti limekumbukwa leo?"

"Kuna klabu inaliulizia."

"Kumbe. Umenipigia kwa sababu ya klabu."

Kordell akajifuta uso na fulana. "Nimekupigia kwa sababu nimeulizwa, nikaona sijui. Pole, Dash. Ilikuwa nafasi yangu, nikaiacha."

Dashiell akasema, "Linakunjika. Linakimbia. Jana nimepanda ngazi zote za uwanja wa shule anakofundisha mama. Waambie hivyo."

Akawaambia. Alimpigia yule mzee na kuyarudia maneno yale bila kuongeza lake, huku Renard ameshika kichwa. Hilo nampa Kordell, simnyimi. Haukupita muda, karibu na mwisho kabisa, jina likatokea kwenye runinga kando ya klabu ya yule mzee: Dashiell Prejean. Clothilde akalia, na sikujua analia kwa ajili ya mtoto gani. Kordell akapiga makofi mara moja, akaacha. Uteuzi ukafungwa, na yeye hakuitwa.

Lakini huo si mwisho, na kila mtu wa hapa anajua. Uteuzi ukifungwa klabu hupiga simu kwa waliobaki, wachache, waje kujaribiwa bila ahadi. Watu wa katikati wengi wameingilia mlango huo. Kwa hiyo simu ilipolia tena Renard alishaanza kuifunga tai yake, sijui ya kwenda wapi.

Alikuwa Dashiell.

"Hongera, Dash," Kordell akasema.

"Asante. Yule mzee Haskell amenipigia. Ana nafasi moja ya mtu wa katikati, ya kujaribiwa. Ameniuliza kama nataka awe wewe."

"Mtoto wa watu huyo," Renard akasema. "Si niliwaambia? Kijana ana malezi."

"Nimemwambia hapana."

Clothilde akaachia mkono wangu.

"Sikutaka usikie kwa mwingine," Dashiell akasema. "Nikisimama nyuma yako sasa, nitakuwa nakutazama wewe, siutazami mpira. Nitavunjika tena. Klabu nyingine zitakupigia, nenda, unaweza ile kazi kuliko wote niliowaona. Ila si mbele yangu."

"Sawa, Dash," Kordell akasema. Akakata simu kwa kidole kimoja, polepole.

"Wivu," Renard akasema. "Wivu mtupu huo. Mtu ameshapata chake, basi anamfungia mwenzake mlango."

"Mjomba, nyamaza."

Renard akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, na ilikuwa imechelewa.

Clothilde alinigeukia, macho yamemjaa maji. "Dada, sema neno. Tumemlisha mtoto yule hapa. Mwambie Kordell kwamba ni ukatili, asijilaumu."

Nampenda Kordell. Nilimbeba kabla hata mama yake hajaamka kutoka kwenye kisu cha daktari. Nikamtazama yeye, si mama yake, nikasema, "Lingekuwa goti langu, ningemjibu hivyohivyo."