Pegasus na Kamati ya Mama Method

Nilitangaza kanisani kwetu Marekani, baada ya misa ya Kiswahili, kwamba Ijumaa ijayo ningetetea tasnifu yangu ya udaktari na kwamba mlango uko wazi kwa yeyote anayependa kusikiliza. Nilisema kwa adabu tu. Nani angetoka Alexandria, apambane na foleni ya daraja la Wilson, avuke hadi chuoni kwetu Maryland kusikiliza habari za manowari iliyozamishwa mwaka 1914? Lakini Watanzania ukiwaambia kuna shughuli na mlango uko wazi, hawakuulizi ni shughuli gani. Wanaunda kamati.

Mwenyekiti alikuwa Mama Method, kama kawaida. Mama huyu alisimamia wasafisha vyumba katika hoteli moja Alexandria, na akitoka huko alisimamia harusi zetu zote, vipaimara na misiba. Habari za kamati nilizipata kwa Spéciose, mwenzangu wa nyumba pale Riverdale Park, aliyetoka Uvira na kufanya kazi ya kutunza wazee.

"Dada Flavi," aliniambia jikoni, "kwa ile mambo yako ya vendredi, wameniweka mu comité ya vinywaji. Nilete Fanta ao maji?"

"Spéciose, Ijumaa ni mtihani."

"Njo maana nauliza. Watu watakuwa na kiu."

Nilimpigia Mama Method simu papo hapo kumwomba avunje kamati. Aliniambia kwamba mbuzi ameshanunuliwa, akakata.

Na mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Ufadhili wangu ulikuwa unakwisha Juni. Idara yangu ya historia nyumbani Dar es Salaam ilikuwa imenishikia nafasi ya ualimu tangu nilipoondoka, na mkuu wa idara aliniandikia kwamba mwaka huo, 1998, ndio wa mwisho kunisubiri. Nikifaulu Ijumaa, narudi kufundisha. Nikiambiwa nikaandike upya, nakosa huku na kule. Hata hivyo sikuwa na hofu. Kazi yangu ilikuwa nzuri, na nilijua kwamba ni nzuri. Kama hilo ni jeuri, basi niliirithi kwa mama yangu kule Muleba na sina pa kuirudisha.

Niliandika juu ya Pegasus. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza walikuwa na manowari chache tu kwenye maji yetu, zote kuukuu, na Pegasus ilikuwa mojawapo. Mwezi wa pili wa vita iliingia bandari ya Zanzibar mitambo ikiwa imechoka, ikasimama kutengenezwa. Meli ya Wajerumani, Königsberg, mpya zaidi na yenye mizinga ya kufika mbali zaidi, ilitokea asubuhi moja ya Jumapili ikaipiga hapohapo ilipotia nanga. Watu wengi wamemlaumu nahodha. Mimi nilisema hapana. Waliopanga vita kule London walihesabu meli bila kuuliza zina afya gani, wakazipa kusindikiza askari, kulinda bandari na kumsaka Mjerumani, vyote kwa mpigo. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, ndivyo tunavyosema, lakini Mnyamwezi huyu alikuwa mgonjwa na kila mtu ofisini alijua.

Aliyesimama njiani kwangu ni Profesa Whitlock, mwenyekiti wa watahini wangu watatu. Alikuwa Mwingereza, baharia mstaafu wa jeshi hilohilo la majini, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Wiki moja kabla alinisimamisha ukumbini. "Sura ya nne," aliniambia. "Nahodha alizima mitambo huku hajui adui yuko wapi. Andika kwamba alizembea, nami nitatia sahihi bila tatizo." Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri hata dakika.

Ijumaa ikafika. Chumba kilikuwa na meza moja na viti kumi. Nilikuwa napanga karatasi zangu niliposikia kishindo cha watu ukumbini, kisha harufu ya pilau ikaingia kabla ya mtu yeyote. Waliingia akina mama na vitenge vyao vya sare, waume zao na suti za harusi, Spéciose na kreti za Fanta, na wanaume wawili wamebeba sufuria iliyofungwa kwa taulo. Nyuma yao alikuja Ndirangu, Mkenya mwenye van, ambaye alikuwa kamati nzima ya usafiri.

"Daktari, tumefika!" alipaza sauti. "Lakini parking ya huku ni noma."

"Mimi si daktari bado," nilimjibu kwa ukali.

"Ni leo, si ni leo?"

Walikaa sakafuni, wakasimama ukutani, wakajaza mlango. Profesa Whitlock aliwatazama, akaitazama sufuria, akakohoa. Damu ilinichemka. Kwetu husemwa usimtukane mamba kabla hujavuka mto, na hawa walikuwa wameshafika ng'ambo, wamewasha moto na kutenga vyakula, huku mimi bado nimo majini. Nikianguka, nitaanguka mbele ya mbuzi mzima.

Nilizungumza vizuri. Nilieleza mipango ya kabla ya vita, nikaeleza amri zilizotoka London kwa simu ya upepo na ya waya, zikagongana. Nyuma hakuna aliyekohoa, ingawa Kiingereza changu cha siku ile wengi wao walikifuata kwa mbali. Watahini wawili waliuliza maswali yao, wakaridhika. Halafu Whitlock akavua miwani.

"Bi Flaviana, nakuuliza mara ya mwisho. Nani alizima mitambo ya meli ile?"

"Nahodha."

"Basi kosa ni la nani?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Sentensi moja tu, na kiti changu cha Dar es Salaam kingekuwa kimepatikana.

"Profesa," nilisema, "watazame watu hawa. Hii ni kamati. Kwetu hakuna harusi wala msiba bila kamati, na sheria yake ya kwanza ni hii: aliyepewa kupika hapewi kuendesha gari, na aliyepewa gari hapewi kupokea wageni. Kila kikao mwenyekiti anamuuliza kila mtu, utaweza? Asiyeweza anaongezewa mwenzake. Sasa mwenyekiti akimpa mgonjwa mmoja jiko, gari na wageni, asimuulize hali yake, na wali ukaungua, sisi hatuanzi na mpishi. Tunaanza na mwenyekiti. Nahodha alisimamisha meli kwa sababu isingeweza kwenda tena. Kamba hukatikia pabovu, lakini ubovu ule ulijulikana London kabla ya vita. Sitaandika kwamba alizembea."

Mama Method aliposikia kwa Kiingereza kwamba makosa yote ni ya mwenyekiti, alikunja uso. Wengine walipiga makofi. Whitlock alivaa miwani yake, akatuomba sote tutoke nje ili watahini washauriane.

Nje, mlango haujafungwa sawasawa, Mama Method akafungua sufuria.

"Mama Method, jamani!" Sikujali tena nani anasikia. "Hamwezi kusubiri? Yule mzee amenikasirikia. Huenda wananifelisha sasa hivi, na nyie mnapakua! Mnasherehekea nini?"

Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyerudi shule na viatu vya mwenzake.

"Kwani nani kakwambia tunasherehekea? Wewe uko kwenye mtihani, hujala tangu asubuhi, Spéciose kasema. Tumekuja kukaa na wewe. Ukifaulu, utakula. Ukifeli, utakula zaidi, maana utakuwa na kazi ya kulia. Shika sahani."

Nilishika sahani. Nilisoma maelfu ya maneno ya wakubwa wa London kuhusu meli ile, na sikukumbuka hata mmoja aliyeuliza kama watu wake wamekula. Machozi yalinitoka pale ukumbini, mbele ya wanafunzi wa watu waliokuwa wakipita, na niliendelea kula huku nalia. Pilau ilikuwa tamu sana.

Mlango ulifunguliwa kinywa changu kikiwa kimejaa nyama.

"Hongera, Dokta Flaviana," alisema Whitlock, akanipa mkono. "Sura ya nne umeitetea, inabaki ilivyo. Sikubaliani nayo, na nitaandika makala ya kuipinga."

Nilimeza. "Andika, Profesa. Nitakujibu kutoka Dar es Salaam."

Vigelegele vilipanda mpaka walimu wa ghorofa ya juu wakachungulia ngazini. Ndirangu alinirusha juu. Ni mtu mmoja tu ambaye hakupiga kigelegele. Mama Method alikuwa amesimama na upawa mkononi.

"Dar es Salaam lini?" aliuliza.

"Juni, Mama. Kazi yangu inanisubiri kule. Ndiyo maana ilibidi nifaulu leo."

Spéciose alitazama sakafu, maana yeye alijua. Kelele zilipungua, watu wakageuka mmoja mmoja.

"Hukusema kanisani," alisema Mama Method.

"Sikusema."

"Basi mbuzi mzima huyu nimempika mwenyewe, kwa mkono wangu, ili uondoke."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamkabidhi Profesa Whitlock sahani bila kumuuliza kama anataka, kisha akarudi kwenye sufuria akaniongezea nyama.