Uso Ukiwa Wazi

Ngumi ya kwanza ya siku hiyo ilitua kwenye pua ya fundi gereji aliyekuja kumpasha Nyundo misuli. Damu iliruka mpaka kwenye lenzi. Mdogo wake Nyundo akaifuta kwa ncha ya shati, akahakikisha picha imetoka, ndipo akakumbuka kumuuliza mtu wa watu kama yuko salama.

"Huyu dada ana roho ngumu," alisema fundi, taulo likiwa puani.

"Hana roho," alisema Nyundo, akicheka. "Ana kamera."

Ndivyo walivyomwita kwenye ukumbi ule wa ndondi: Kamera. Mchana alikuwa akipiga picha za paspoti kwenye chumba kilichobanwa na duka la simu. Kiti kimoja, pazia jeupe, na maneno yaleyale: inua kidevu, toa nywele usoni, usicheke. Mwenye studio hakutaka hata kivuli cha pua. Picha ni uso, alimfundisha, na uso ukifichwa mteja ameibiwa. Somo hilo lilimwingia Kamera mpaka kwenye mifupa, ingawa nyuso zenyewe zilishamchosha. Kazi ikiisha alikimbilia ukumbini, ambako kaka yake alikuwa anavunja watu mbavu, na huko ndiko alikojua amezaliwa kufanya nini.

Huyo kaka mtu alikuwa katili kazini, hakuna haja ya kumpamba. Nyumbani ndiye aliyemkanda mama yao miguu ikivimba. Ndani ya kamba alimpiga mtu mzima mpaka akamwita mama yake. Wapinzani wengi walilala mapema, na kwa kuwa walilala mapema, hakuna aliyepata nafasi ya kumsoma. Kocha peke yake alimsoma. Kila Nyundo alipotaka kurusha mkono wa kulia, ule wa kushoto uliokuwa unalinda shavu ulishuka kidogo, chini ya kidevu.

"Mkono!" Kocha alifoka.

Ukumbi mzima ulijifunza kufoka naye, hata waliokuja kufagia. Nyundo aliupandisha, akasahau, akafokewa tena. Kwa Kamera neno lile lilishakuwa kelele ya ukumbini, sawa na mlio wa kamba za kuruka.

Kisha akaja promota, anatafuta mpiga picha wa kumwajiri kwa mapambano yake yote.

"Mtu anayekaa kitini akakutazama, huyo kila mtu anaweza kumpiga picha," alimwambia Kamera. "Weka kazi zako mtandaoni, watu wazione. Halafu pambano la kaka yako na Chuma ndio mtihani wako. Ukifaulu, paspoti kwaheri."

Kamera alichagua picha siku nzima, chakula kikapoa mezani. Zile ambazo glovu zimeziba uso alizitupa bila huruma. Alibakiza zile ambazo Nyundo anaonekana mwenyewe: macho yamewaka, meno yameng'ata kinga ya mdomoni, jasho linaruka, mkono wa kulia ndio kwanza unaondoka begani. Zilikuwa nzuri mno, na zote zilikuwa za nukta ileile.

Kocha wa Chuma alizipenda zote. Aliacha alama ya moyo kwenye kila moja, hakuruka hata moja. Kamera alimpelekea kaka yake simu kwa maringo.

"Ona. Hata maadui zako wananikubali."

"Wewe wamekukubali," alisema Nyundo. "Mimi watanikubali Jumapili."

Jumapili mchana ukumbi wa pambano ulifurika. Mama yao alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, akitazama dari. Hakuwahi kutazama pambano hata moja. Alikuja ili awepo. Kamera alijibanza kando ya ulingo, viwiko juu ya turubai, kamba ya chini ikimgusa paji la uso.

Raundi za mwanzo zilikuwa za kuchinjana. Nyundo alimpasua Chuma juu ya nyusi. Chuma akamrudishia ya tumbo, mate yenye damu yakamwangukia Kamera shingoni. Watu wazima wenye familia zao walisimama juu ya viti wakidai mtu auawe. Kamera naye, tusimsingizie wema, alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata. Kila konde alilinasa.

Ila Chuma alikuwa anangoja kitu. Alipokea ngumi za mbavu bila kujibu, akarudi nyuma, akapokea nyingine, akarudi tena. Macho yake hayakuwa usoni kwa Nyundo, yalikuwa kwenye glovu yake ya kushoto. Kamera aliliona hilo kwa lenzi, na aliliona vizuri, kwa sababu naye alikuwa anaitazama glovu hiyohiyo. Alikuwa anaisubiri ishuke, uso upatikane.

Raundi ya tano, glovu ikashuka.

Kamera alikuwa karibu kuliko Kocha, karibu hata kuliko mwamuzi. Neno lilikuwa moja tu, na alilijua. Mdomo wake ulishafunguka. Kidole kikatangulia.

Ngumi ya Chuma ilipita juu ya glovu iliyoshuka, ikazama kwenye jicho la kushoto. Ulisikika mlio mdogo, mkavu. Nyundo hakuanguka, na hilo ndilo lililomponza, maana mwamuzi alichelewa kuingia kati. Chuma akarudia palepale. Akamsukumia konani, akarudia tena palepale, akimshindilia mtu ambaye mikono yake ilishalegea, mpaka ngozi ikaachana na damu ikatiririka kwenye turubai ikamlowesha Kamera viwiko. Kocha alirusha taulo. Mama yao alisikia ukumbi umenyamaza, ndipo akatazama.

Wakiwa wanamteremsha kwa machela, kocha wa Chuma alimshika Kamera mkono. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani.

"Binti, una jicho kali," alisema. "Zile picha zako tulizibandika ukutani, kijana wangu akazitazama kila siku. Ule mkono wa kushoto tusingeujua. Asante sana."

Hakusema kwa ubaya. Kamera alijinasua, akaikimbilia machela.

Kesho yake promota alipiga simu. Picha ya ngumi ile ilikuwa imesambaa kila mahali, kazi ilikuwa yake, aje asaini. Simu hiyo aliipokea kwenye korido ya hospitali, chupa ya chai mkononi. Mama yao alitoka wodini, akaichukua ile chupa, akampita bila kumsemesha. Madaktari walishasema: jicho halitaona tena, na ulingo basi.

Nyundo alikuwa amelala chali, nusu ya kichwa imefungwa bandeji.

"Nionyeshe," alisema.

Kamera alimshikia kamera mbele ya jicho lililobaki. Nyundo aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaomba za zamani, moja moja, akizitazama zote mahali pamoja, chini ya kidevu.

"Kumbe Kocha hakuwa ananionea," alisema. "Rudisha ile ya jana."

Kamera akairudisha.

"Hapa ngumi haijafika."

"Haijafika."

"Kwa hiyo uliiona inakuja."

Angeweza kusema kidole kilijibonyeza chenyewe. Angeweza kulia tu, na kaka yake angemsamehe kwa vile alivyomzoea.

"Niliiona, kaka."

Mashine ya kitanda cha jirani ililia, muuguzi akaja, akaizima, akaondoka.

"Kazi wamekupa?"

"Wamenipa. Lakini sidhani kama..."

"Ichukue. Mimi nimeshailipia."

Kamera alishindwa kumtazama. Alitazama shuka.

"Nipige na mimi moja ya leo," alisema Nyundo. "Sawasawa, unavyojua wewe."

Kamera akafuta machozi, akaweka jicho kwenye kamera, akatafuta mwanga wa dirishani. Nyundo akainua mikono yote miwili taratibu, ngumi zimekunjwa, kwanza wa kulia, kisha ule wa kushoto, juu kabisa, jinsi Kocha alivyokuwa akimfokea miaka yote. Uso wote ukafunikwa.

Kamera alisubiri ule wa kushoto ushuke. Haukushuka.