Ofisi Mbili, Ukuta Mmoja

Mvua ilipoangusha ukuta wa chumba cha Mama Pacha, kwa bahati uliangukia nje. Hakuna aliyeumia. Siku ya tatu wakaja watu wa ustawi wa jamii, wakatazama turubai alilotundika mahali pa ukuta, wakawasikiliza pacha wakikohoa, wakawachukua. Mabinti wa miaka sita.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema afisa, dada mpole mwenye miwani. "Ukipata nyumba ya vyumba viwili, tunakurudishia wanao."

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Nyumba ya vyumba viwili kwake ilikuwa ndoto. Lakini kulikuwa na mpango wa serikali wa kusaidia familia zisizo na makazi, na ofisi yake ilikuwa jengo lile lile la ustawi, mlango wa pili. Akaenda. Karani akashika kalamu.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu kwa sasa. Wanangu wako makao ya watoto."

"Basi wewe si familia. Hizi ni nyumba za familia. Warudishe watoto kwanza."

Akarudi kwa mwenye miwani. "Watoto hawarudi kwenye turubai, mama. Pata nyumba kwanza."

Miezi minane walimzungusha kama pia. Kila Jumamosi aliruhusiwa kuwaona pacha saa moja, mlezi wao akiwa pembeni na daftari. Mwezi wa tano, yule aliyetangulia kuzaliwa akamwita mlezi "mama", kisha akamtazama mama yake kwa woga, kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Mama Pacha hakumkemea. Alikwenda kukaa kwenye cherehani akakanyaga pedali kama anayekanyaga shingo ya mtu, mpaka sindano ikakatika.

Asubuhi moja, akiwa kwenye benchi la kusubiri, alimsikia mwenye miwani akigonga ukuta wa mbao. "Shoga, nipe sukari." Ukutani kulikuwa na kidirisha. Mkono wa karani ukapitisha kopo.

Mama Pacha akasimama. Akalikokota benchi, akaliweka likaziba milango yote miwili, akaketi.

"Mama, unafanya nini?" aliuliza karani.

"Sukari inapita hapo. Mambo ya wanangu yanashindwaje kupita? Leo mtanijibu mkiwa pamoja."

Wakamwita mlinzi. Mlinzi akamtazama usoni, akasema mgongo unamuuma, hawezi kuinua benchi. Mwishowe akaja mkuu wa ofisi, akasikiliza, akamgeukia mwenye miwani. "Kwani hukumwandikia barua ya kuthibitisha kwamba watoto watarudi akipewa nyumba?"

Mwenye miwani akafungua droo. Barua zilikuwa zimeshachapwa, zikisubiri jina na muhuri tu.

"Hakuuliza," alisema kwa sauti ndogo. "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

"Ningeuliza vipi kitu nisichojua kama kipo?" Mama Pacha aliinuka kwenye benchi. "Wewe ulikijua. Ulinitazama miezi minane nikija na kurudi, ukaniambia pole, na hiyo droo iko gotini pako."

Barua iligongwa muhuri siku hiyo hiyo. Wiki ya saba akaitwa kuchukua ufunguo. Walikuwa wameleta mpiga picha.

"Sema neno la shukrani, mama," mkuu alimwomba.

Akachukua ufunguo, akatoka nje. Kwenye benchi walikaa wanawake watatu na baba mmoja aliyeshika viatu vya mtoto. Akawaambia, kwa sauti ya kufika mpaka ndani, "Ulizeni barua ya kurudishiwa watoto. Iko droo ya juu, kwa huyu mwenye miwani. Msikubali kuambiwa njoo kesho."

Kisha akaenda kuwachukua wanawe. Njiani pacha wa kwanza alimuuliza kama mlezi naye anahamia kwao. Akamjibu hapana, mwanangu, akaushika mkono wake, na hasira yake ikatembea nao mpaka mlangoni mwa nyumba mpya.